Kukatika kwa misitu na mwendo wa wanyama wadogo wa mitini (Goma na Virunga)

Kukatika kwa misitu ni hali ya msitu mmoja mpana kugawanyika vipande vinavyotengwa na mashamba, barabara, makazi au mwamba mtupu. Karibu na Goma, mji mkuu wa jimbo la Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hali hiyo huonekana pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na yenye takriban kilomita za mraba 7,800. Miongoni mwa wanaobanwa zaidi ni wanyama wadogo waishio mitini: komba, poto, anomaluri na perere.

Kila mmoja ana mwendo wake. Komba wa Demidoff, mwenye gramu 60 hivi, hurukaruka penye vitawi na mitambaa iliyosongamana. Poto, wa kilo moja hivi, haruki: hushika tawi la mbele kabla ya kuachia la nyuma, na vilele vya miti visipogusana hana budi kushuka ardhini, ambako mwendo wake wa polepole humweka hatarini. Anomaluri, mnyama afananaye na kindi mwenye utando kati ya miguu, huelea hewani makumi ya mita, mradi apate mti mrefu wa kuondokea na mwingine wa kutua. Perere hutembea chini bila shida kubwa. Mwanya uleule, basi, ni njia kwa mmoja na ukuta kwa mwingine.

Mianya mingine ni kazi ya volkeno. Lava ya Nyamulagira ya 1938–1940 ilifika Ziwa Kivu karibu na Sake; ya Nyiragongo iliingia Goma tarehe 17 Januari 2002, na volkeno hiyo ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Lava inapozunguka mwinuko, huacha kisiwa cha miti mikongwe kati ya mwamba mweusi. Kuvumwani hutangulia kuota, kangaga na vichaka hufuata, na baada ya miongo mingi matawi huweza kukutana tena.

Shoka na jembe havitoi muda huo.

Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipiga kambi Mugunga, Kibumba na Katale, wakitegemea kuni za hifadhini. Mwaka huohuo UNESCO iliiweka Virunga katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mwaka 2004 takriban hekta 1,500 za msitu wa sekta ya Mikeno, ndani ya hifadhi, zilifyekwa katika wiki chache. Hadi leo kaya nyingi za Goma hupika kwa makala, yaani makaa ya miti. Katika kipande kidogo cha msitu kilichosalia, vijana wa poto hukosa pa kuhamia, ndugu huishia kuzaana, na mti mmoja wenye pango ukikatwa, makao ya mchana ya anomaluri hupotea.

Mradi wa EcoMakala, ulioanzishwa na WWF mwaka 2007, umewasaidia wakulima kupanda miti inayokua haraka ili makala yatoke shambani. Mashamba hayo huupunguzia msitu mzigo, ingawa miti michanga ya mstari mmoja haina mapango wala mitambaa. Mwanya wa barabara nao huweza kuvukwa: huko Diani, pwani ya Kenya, madaraja yaliyotundikwa juu ya barabara hutumiwa na mbega na kima. Kwa barabara ya Goma–Rutshuru inayopita hifadhini, kuacha vilele vya miti vikutane juu ya njia kungempa poto pa kuvukia.