Ukatoliki katika Bonde la Rufiji na Mji wa Utete

Utete, makao makuu ya Wilaya ya Rufiji, uko ukingo wa kusini wa Mto Rufiji. Wenyeji wa bonde hili wengi ni Waislamu tangu zamani, na Ukatoliki ulilipita pembeni kwa muda mrefu.

Wabenediktini wa Kijerumani walianzia Pugu mwaka 1888. Januari 1889, katika vita vya Abushiri, kituo hicho kilivamiwa na wamisionari watatu wakauawa. Baadaye misheni zao kubwa zilijengwa mbali kusini: Lukuledi 1895, Nyangao 1896, Peramiho 1898. Rufiji ikarukwa.

Kisha vikaja vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kusini mwa Utete, kiongozi wake wa kiroho, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Siku kumi baadaye Askofu Mbenediktini Cassian Spiss, aliyekuwa safarini kutoka Kilwa kwenda Peramiho, aliuawa karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Hatimaye, mwaka 1921, Wakapuchini wa Uswisi walipokea kazi ya misheni ya Dar es Salaam.

Lakini mto nao una sehemu yake katika kuchelewa huko kwa Ukatoliki, na pengine ndiyo kubwa zaidi. Mpunga wa bondeni hulindwa kutoka kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, sakafu yake fito. Maji yakijaa, familia nzima hupanda humo na vyungu vyake, ikiamia ndege na kufukuza nguruwe hadi mavuno. Maji yakishuka, hulimwa mlau, yaani mazao ya baada ya mafuriko. Kijiji kilichohama hivyo kila mwaka ilikuwa vigumu kukijengea darasa la katekisimu.

Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamishia watu wengi maeneo ya juu, Mkongo na Ikwiriri zikiwemo. Makazi yakatulia. Walimu, waganga na watumishi wengine kutoka bara waliopangiwa kazi wilayani walikuja na imani zao, wakahitaji mahali pa kusali.

Parokia za mashambani kama za huku hugawanywa katika vigango, yaani vituo vidogo vya ibada. Padri hawezi kufika kila kigango kila Jumapili. Asipokuwapo, katekista huongoza ibada ya Neno, naye ndiye anayewajua wagonjwa na wachumba. Hata njia yenyewe ilikuwa kikwazo: hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, aliyetoka Dar es Salaam kwenda Utete alivuka Rufiji kwa kivuko.