Nundu, nyongeza na stahiki

Kuna istilahi ambayo kila nikiisikia nafurahi: nukta nundu. Aliyeibuni hakulishika jina la Louis Braille, Mfaransa aliyeuvumbua mfumo huo wa maandishi ya wasioona. Alishika kile ambacho kidole hukutana nacho kwenye karatasi, nukta zilizoinuka mithili ya nundu ya ng'ombe. Kwa nafasi ya nukta 6 tu zinapatikana alama 63, na neno lenyewe linakuonyesha namna zinavyosomwa.

Natamani istilahi nyingine za ofisi za wanafunzi zingekuwa kweli kiasi hicho. Tuna "mahitaji maalumu", yaliyozoeleka vyuoni Tanzania na Kenya. Lakini mwanafunzi asiyeona anataka nini? Anataka notsi za mhadhara mapema, kama wenzake. Anayetumia kiti mwendo anataka kufika ghorofa ya pili kulikopangwa semina. Sioni umaalumu hapo. Hitaji ni lilelile la kila aliyedahiliwa. Tofauti iko kwenye njia ya kulifikia, na njia hiyo ni kazi ya chuo kuitengeneza.

"Nyongeza ya muda" nayo huwapotosha wengi. Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea watahiniwa wa "mahitaji maalumu" dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Wapo wanaodhani huo ni upendeleo. Wangekaa karibu na mtahiniwa mwenye mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu! Ina vitufe 6 vya nukta na kimoja cha nafasi, na herufi moja huweza kudai vidole kadhaa vibonyeze kwa mpigo. Akitaka kuhakiki alichoandika, anaacha vitufe na kuipapasa karatasi ngumu mstari kwa mstari. Jicho hulikumbatia swali zima la aljebra mara moja. Kidole hukutana na tarakimu moja baada ya nyingine, na zilizokwisha kupita inabidi zibebwe kichwani. Mpirani refa akitoa dakika za nyongeza hatuziiti zawadi, kwa kuwa tunajua ni muda uliopotea unaorudishwa. Ndiyo maana neno hili ningeliacha libaki, mradi tulisikie kwa maana hiyo.

Neno ambalo ningeliondoa kabisa ni "msaada". Msaada huombwa, hungojewa, kisha hushukuriwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa 2006, katika Ibara ya 24 unazitaka nchi zihakikishe kwamba elimu ya juu inapatikana bila ubaguzi, na kwamba mazingira yanarekebishwa kwa ajili ya mwanafunzi. Kwa jambo hilo wengine husema "marekebisho yanayofaa". Yanamfaa nani? Mhasibu anaweza kujibu kwamba yanayofaa ni yale yaliyomo kwenye bajeti. Mimi nachagua "marekebisho stahiki", kwa sababu anayestahiki ana dai, na mwenye dai habembelezi.

Majina ya watu yana ugumu zaidi. Tumefundishwa kuyakwepa maneno kipofu, kiziwi na kiwete kwa kuwa kiambishi chake ni cha ngeli ya vitu, na kwa kiwete nakubali bila kusita. Lakini tazama vyama vyenyewe: kipo Chama cha Wasioona Tanzania, na kipo Chama cha Viziwi Tanzania. Viziwi hawakulikimbia jina lao. Kwao ni jina la jamii yenye lugha yake, na "wasiosikia" lingewataja kwa wanachokosa tu. Afisa wa chuo asiwasahihishe.

Lugha yao nayo tunaiita tofauti: Tanzania lugha ya alama, Kenya lugha ya ishara. Hilo si suala la lahaja, kwani Lugha ya Alama ya Tanzania na Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha mbili. Kiziwi aliyesoma Mombasa akidahiliwa Dar es Salaam, fomu inayouliza tu kama anahitaji mkalimani, ndiyo au hapana, itamletea mkalimani asiyemwelewa. Iongezwe nafasi ya kujaza: mkalimani wa lugha ipi?