Vizuizi Viwili vya Achieng' Oneko

Kati ya watu sita walioshtakiwa Kapenguria mwaka 1952 kwa kuongoza Mau Mau, mmoja tu alitoka ufukweni mwa Ziwa Viktoria: Ramogi Achieng' Oneko, mzaliwa wa Uyoma, mwanafunzi wa Maseno na mhariri wa gazeti la Kidholuo, Ramogi. Vitabu vya shule humtaja katika orodha ya majina sita, kisha humwacha hapo. Makala hii inashikilia kwamba kumwacha hapo ni kuikata historia yake katikati, kwani ukinzani wake haukukoma bendera ya Uingereza iliposhushwa.

Aprili 1953 Hakimu Thacker aliwahukumu wote sita kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Mwanzoni mwa 1954 rufaa ya Oneko ilikubaliwa na hukumu yake ikafutwa. Hata hivyo hakurudi nyumbani. Serikali ilimkamata papo hapo kwa sheria za Hali ya Hatari, akakaa kizuizini hadi 1961. Jambo hili lina uzito kuliko kesi yenyewe: mahakama ya mkoloni ilimwona hana hatia, na mkoloni akaipuuza mahakama yake mwenyewe.

Baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Habari. Mwaka 1966 alijiuzulu, akamfuata Jaramogi Oginga Odinga katika chama cha KPU, kilichodai kwamba ardhi na matunda ya uhuru yalikuwa yakiishia mikononi mwa wachache. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, ile ambayo wenyeji wangali wakiiita Russia. Ghasia zilizuka, walinzi wakaufyatulia umati risasi. Hata kwa hesabu ya serikali, watu 11 walikufa. Siku chache baadaye KPU kilipigwa marufuku. Oneko akarudi kizuizini, safari hii bila kesi yoyote, kwa amri ya serikali ya mtu aliyeshtakiwa pamoja naye Kapenguria. Aliachiliwa 1975.

Linganisha na Ufaransa: Desemba 1964, mwezi ambao Kenya iligeuka jamhuri, nchi hiyo ilihamishia Panthéon, mahali inapowazika mashujaa wake, majivu yanayoaminika kuwa ya Jean Moulin, kiongozi wa ukinzani aliyekufa mikononi mwa Wajerumani mwaka 1943. Dola ile ilijijengea uhalali juu ya kumbukumbu ya wakinzani wake. Ya kwetu iliuacha Mau Mau ukiwa chama haramu hadi 2003. Lakini Moulin hakuishi kuikosoa serikali iliyokuja baadaye. Oneko aliishi, na nadhani hiyo ndiyo sababu kuu ya kumbukumbu yake kufifishwa: shujaa anayeendelea kudai hutia hofu kuliko marehemu.

Alifariki Juni 2007 huko Rarieda, wa mwisho kati ya wale sita. Waandishi wa mitaala wanaofundisha 1952 wafundishe na 1969, katika sura moja, chini ya jina lake.