Waya wa Resi na Chuma cha Kulehemu

Ukipita Manzese, Magomeni, Tandika au Mbagala utamkuta fundi pikipiki kajibanza chini ya mti au kwenye kibanda cha turubai, na mara nyingi jirani yake ni fundi baiskeli. Ujirani huo umewafanya wengi waamini kwamba ufundi wa pikipiki wa Dar es Salaam ni mtoto wa ufundi wa baiskeli. Ukiniambia habari za mnyororo, spoku, gololi na viraka vya mpira, nitakubali. Lakini waya wa resi, ule unaotoka mkono wa kulia wa usukani hadi kwenye kabureta, una nasaba yake. Naona asili yake katika vitongoji vya Kinondoni na Temeke ni kwa fundi bati na fundi redio, watu waliozoea risasi na chuma cha kulehemu muda mrefu kabla bodaboda hazijajaa barabarani.

Anayetetea baiskeli atanikumbusha kwamba waya wa namna hii, uzi wa chuma unaoteleza ndani ya ganda lisilobonyea, ulipewa hataza Uingereza mwaka 1896 kwa jina la Ernest Monnington Bowden, na kazi zake za mwanzo zilikuwa breki za baiskeli. Ni kweli, lakini hiyo ni historia ya Uingereza. Baiskeli kubwa zilizobeba mizigo yetu, Raleigh na baadaye Phoenix ya China, breki zake zilikuwa za fito za chuma. Fundi aliyekuwa akizinyoosha fito hizo hakuwa na sababu ya kujua namna ya kutengeneza kichwa cha waya, kile kifundo cha mwishoni kinachoushikilia. Na kwenye waya wa resi, kichwa ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu waya hukatika zaidi pale unapojikunja kuingia kwenye kichwa, uzi mmoja baada ya mwingine, hadi siku mkono unazunguka na injini haiitiki. Kuurudisha, fundi hupitisha waya mpya kwenye kipande cha shaba, huzichanua ncha zake kama ua ndani ya tundu, huzisafisha kwa tindikali, kisha humimina risasi ijae. Asipozichanua, waya utachomoka ukivutwa. Asipoiosha tindikali, kutu itaanza siku hiyohiyo, na hewa ya chumvi ya Pwani itaiharakisha. Maarifa haya ya kusafisha bati, kulipasha moto na kuifanya risasi ishike yalikuwa tayari uswahilini: ndiyo yaliyotengeneza koroboi na mirija kutokana na makopo, na ndiyo yaliyounga nyaya za redio za transista.

Kilichoikutanisha kazi ya risasi na waya wa pikipiki ni uhaba. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, Vita vya Kagera vikafuata 1978 na 1979, na fedha za kigeni zikaadimika. Skuta ya Vespa iliyokatika waya miaka hiyo haikuwa na duka la kukimbilia. Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe mwaka 1984, spea zilianza kurudi taratibu, lakini zilizofuata zilikuwa za pikipiki zilizokuwa sokoni, si za zile kuukuu.

Wapo watakaosema kwamba gereji za serikali na za misheni ndizo zilizofundisha. Zilifundisha mengi, hasa injini. Lakini gereji yenye stoo hutoa waya mpya kwenye boksi na kuufunga. Anayelazimika kuuzaa upya ni yule asiye na boksi. Pingamizi zito zaidi ni la usalama: je, huku si kubahatisha na maisha ya watu? Pale fundi anapofunga waya mnene wa breki mahali pa ule wa resi na kuubana kwa skrubu ya kuokoteza, ndiyo, ni hatari, na silitetei jambo hilo. Ila ufundi ninaousema una vipimo vyake. Waya mpya hupimwa kwa ule wa zamani, ganda na uzi kila kimoja peke yake. Mkono huachiwa mchezo wa milimita 2 hadi 6. Kisha injini huwashwa na usukani kugeuzwa kulia na kushoto hadi mwisho. Mlio ukipanda, ganda limepita njia mbaya. Kwenye Yamaha za injini ya mipigo miwili zenye pampu ya oili iliyoanza kutumika mwaka 1964, waya wa resi hugawanyika: tawi moja huenda kwenye kabureta, jingine kwenye pampu. Tofauti ndogo ya urefu kati ya matawi hayo inaweza kuinyima injini oili, na pistoni ikaganda. Fundi anayeyalinganisha matawi hayo kwa jicho na rula anafanya kazi ya vipimo kamili, na ni dhuluma kuiita kazi yake kiraka.

Kanuni za leseni za mwaka 2010 ziliipa bodaboda nafasi rasmi, na pikipiki za Kichina za cc 125, nyingi zikifuata injini ya Honda CG125 ya mwaka 1976, zikaifanya spea ya waya kuwa kitu cha kununua dukani. Hilo ni jema kwa dereva anayetafuta riziki. Lakini kwa sababu hiyohiyo kijana anayejifunza leo anaweza kufunga mamia ya nyaya bila kuunda kichwa kimoja, na mwenye Vespa au Yamaha ya zamani anazunguka Gerezani na Kariakoo akirudi mikono mitupu. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vina karakana na vina walimu. Somo hili lingewagharimu siku chache tu. Nawe mwenye pikipiki ya zamani, waya ukikatika usiutupe. Mpelekee fundi vipande vyote, na vichwa vyake, kwa sababu hana kipimo kingine cha kufuata.