Msaji wa Roshani Katika Hori la Babu

Ndugu zangu wa ukoo, mlioko Muscat, Dubai, Cardiff na Toronto, mmekuwa mkiniuliza mara kwa mara kuhusu hori la babu: liko wapi, na lina hali gani. Swali la kwanza ni jepesi. Liko Obhur, kaskazini ya Jeddah, limepandishwa juu ya magogo chini ya banda la makuti ya mtende. (Hori limo ndani ya hori, kama alivyopenda kusema mwenyewe, kwani katika lugha yetu mkono wa bahari nao huitwa hori.) Swali la pili linanitia haya, na ndilo lililonikalisha kuandika.

Chombo chenyewe ni kidogo, urefu wake hauzidi futi 16. Mwili wake ni wa mbao za kawaida zilizopakwa rangi nyeupe, na nyingi kati ya hizo zimekwisha kubadilishwa. Cha thamani ni zile mbao za nje zisizopakwa rangi: ukingo wa juu unaokizunguka chombo kutoka omo hadi tezi, na ubao wa tezi wenye nakshi ya maua. Mbao hizo ni msaji, na hazikununuliwa dukani. Babu alitoka Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, akapitia Mombasa na Aden, akafika Jeddah na tezo moja na randa mbili. Katika miaka ya sabini, fedha za mafuta zilipowavuta wenye mali kutoka mji wa kale kwenda vitongoji vipya, nyumba nyingi za al-Balad ziliachiwa wapangaji, na baadhi zikaanguka. Babu aliupata msaji wake katika kifusi cha nyumba moja ya namna hiyo. Ulikuwa vipande vya roshani.

Neno hilo nyote mnalijua. Watu wa Jeddah husema roshan, na kwa wingi rawashin. Roshani yetu ni baraza ya juu iliyo wazi. Yao ni mfano wa sanduku kubwa la mbao lililotokeza mbele ya dirisha, lenye vibao vyembamba vinavyopitisha upepo na kuwasitiri waliomo ndani. Kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe kutoka Bahari ya Shamu, na kati ya tabaka za mawe imelazwa mihimili ya mbao ya kuzifunga. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu akiingia al-Balad hajioni mgeni. Nyumba ya Nasseef, iliyoanzwa 1872 na kumalizika 1881, ndiyo ijulikanayo zaidi. Mfalme Abdulaziz alikaa humo alipoingia Jeddah mwaka 1925. UNESCO iliutia Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, Lamu mwaka 2001, na Jeddah ya kale mwaka 2014. Lakini Bara Arabu halina misitu ya msaji. Miti hiyo ilivushwa bahari kutoka India na nchi za mbele yake, na majahazi ya pepo za msimu yaliyoifikisha Jeddah yalikuwa ndugu wa yale yaliyofika Unguja. Kwa hiyo ukingo wa hori letu ulikuwa umekwisha kusafiri kabla babu hajazaliwa.

Mabaharia wa zamani hawakuwa na vanishi. Sehemu ya chombo iliyo juu ya maji waliipaka sifa, yaani mafuta ya maini ya papa. Sehemu ya chini waliipaka deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, kuzuia minyoo itoboayo mbao. Watu wa Kuwait waliita mafuta yale sill na mchanganyiko ule shuna, lakini kazi ilikuwa moja. Deheni, kalafati na msaji ni maneno tuliyopewa na Kiarabu, na babu alipofika Jeddah aliyatumia kwa mafundi wa sambuki wakamwelewa, ijapokuwa walicheka matamshi yake.

Alan Villiers, baharia wa Australia, aliyaona mambo haya kwa macho yake mwaka 1938, alipopanda bumu la Kuwait kutoka Aden, likapita Lamu, Mombasa na Unguja, kisha likaingia Rufiji kutafuta boriti. Nahodha wake alikuwa Ali bin Nasr al-Najdi. Mimi niishiye Riyadh, katikati ya Najd, mwendo wa kilomita kama 950 kutoka Jeddah, hufurahi kila nilisomapo jina hilo, kwamba nahodha wa Pwani yetu alibeba nisba ya nchi isiyo na bahari.

Sifa haiufungi mti. Huingia ndani yake, hukauka, huisha, na hupakwa tena. Hilo sikulizingatia. Majira mawili ya joto yaliyopita nilitoka Riyadh na makopo ya vanishi ngumu, nikaupiga msasa ukingo wote, nikapaka mikono minne, ukang'aa kama kioo cha meza. Nikapiga picha, nikawatumia, mkanisifu. Nikarudi kazini.

Msaji una mafuta yake wenyewe, na vanishi haishiki vizuri mahali ambapo mafuta hayo hayakufutwa kwanza kwa spiriti. Jua la Jeddah lilipoipasua ngozi ile, unyevu wa chumvi ulipenya ukakaa chini yake, na mti ukawa mweusi ndani ya kifuniko chake. Msaji ulioachwa wazi hugeuka kijivu tu, kwa kuwa jua huvunja ile gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za juu. Ni dosari ya uso. Madoa meusi ni jambo jingine. Upande wa tezi, petali mbili za nakshi zimelainika kiasi cha kuingiza ukucha.

Nilipomwonyesha shangazi, nilipendekeza tuutoe ubao wa tezi niupeleke Riyadh, niutundike sebuleni, mbali na chumvi. Aliugusa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "babu yako alikuwa akilipaka kila Shaaban, akalipaka tena baada ya Hija. Wewe ulipaka mara moja ukaenda zako."

"Ni kweli, shangazi. Niwie radhi."

"Mimi si hori. Kaliombe radhi hilo."

Kuhusu Riyadh, fundi mmoja mzee wa Obhur alimuunga mkono. Hewa ya Riyadh wakati wa joto ni kavu mno, na kiyoyozi huikausha zaidi. Ubao uliozoea pwani kwa zaidi ya miaka mia ungejikunja na kupasuka kwenye nakshi. Ubao umebaki.

Mwezi uliopita tulianza kuitoa vanishi, mimi na binamu wawili. Tuliilainisha kwa dawa, tukaikwangua kwa kibao butu kufuata mkondo wa nyuzi, na ndani ya nakshi tukatumia vijiti vya mti. Brashi ya waya wa chuma hatukuigusa, kwa kuwa vipande vyake hubaki na kuota kutu. Msasa ulikuja mwisho, kwa mkono. (Msasa kwetu ulikuwa mti kabla ya kuwa karatasi; majani yake makavu ndiyo waliyosugulia mafundi.) Sifa hatukuipaka, maana majirani wasingeistahimili harufu yake. Tulinunua kopo lililoandikwa mafuta ya msaji, ambalo hasa ni mafuta ya kitani yaliyozimuliwa, tukapaka kidogo kidogo, tukafuta yote yasiyonyweka. Matambara tuliyatandaza mmoja mmoja uani, kwani mafuta ya kitani yakikunjwa ndani ya kitambaa huweza kuwaka yenyewe.

Petali mbili zile hatukuzichonga upya. Shangazi alikataa, na safari hii sikubisha.

Zamu ya Shaaban ni ya binamu yangu mkubwa. Zamu ya baada ya Hija ni yangu, na naiandika hapa mbele yenu nyote ili nisipate kuikana.