Sabuni, Mchoro na Bustani: Utetezi wa Masomo ya Vitendo katika Sekondari Msingi

Ratiba ya mwanafunzi wa Gredi ya 7 nchini Kenya ina masomo tisa. Lugha, hisabati, dini na masomo ya jamii hayahitaji wakili, kwani mzazi yeyote anayajua na anayadai. Hoja ya makala hii inahusu masomo ambayo mzazi huyo huyatazama kwa shaka: Kilimo, Masomo ya Awali ya Kiufundi, na ile sehemu ya Sayansi Jumuishi inayofanywa kwa mikono. Katika mwaka huu mmoja mwanafunzi anatakiwa kuchora vitu kwa mkono bila rula, kutumia vifaa vya kupimia na kuweka alama, kutofautisha metali na visivyo metali, kutaja sehemu za kompyuta, kuzuia uchafuzi wa udongo, kujenga vizuizi vya kuhifadhi maji shambani, kushona, kutengeneza sabuni, kutenganisha michanganyiko na kupima asidi na besi. Ni orodha nzuri. Lakini Afrika Mashariki imewahi kuwa na orodha nzuri za namna hii kwa watoto wa umri huu, na kila mara zilififia. Ninadai kwamba zilififia kwa sababu zilitetewa kwa hoja isiyofaa, yaani kwamba zingempa mtoto ajira, na kwamba zitafifia tena tusipozitetea kama sehemu ya elimu ya jumla, sawa na hisabati na lugha.

Wakati wa ukoloni, nchini Kenya kamati ya Beecher ya mwaka 1949 ilipendekeza mfumo wa miaka minne ya msingi, minne ya shule za kati na minne ya sekondari. Tanganyika nayo ilikuwa na shule zake za kati katika miaka ya 1950, darasa la tano hadi la nane, na kilimo kilipewa uzito mkubwa humo. Wazazi hawakukipenda. Walioandika ripoti za serikali walizoea kulaumu kiburi: Mwafrika aliyesoma, walisema, hataki kushika jembe. Ukitazama hali ya Kenya ya wakati huo utaona maelezo mengine. Ukiacha upanzi mdogo ulioruhusiwa Meru, Embu na Kisii kuanzia miaka ya 1930, Waafrika walizuiwa kwa sehemu kubwa kukuza kahawa, zao lenye faida, mpaka miaka ya 1950. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndio uliofungua mlango kwa upana. Mtoto alifundishwa kilimo na dola iliyomnyima baba yake zao la biashara. Vyama vya shule huru za Wagikuyu vilipodai elimu ya vitabu na Kiingereza, vilikuwa vimesoma uchumi wa nchi kwa usahihi kuliko wakaguzi waliovilaumu. Kazi za mshahara zilihitaji cheti, na hakuna cheti kilichopatikana kwa kulima bustani ya shule.

Mwaka 1965 Philip Foster, aliyefanya utafiti wake nchini Ghana, aliipa hali hii maelezo ya kitaaluma ambayo bado hayajajibiwa kikamilifu. Alionyesha kwamba matarajio ya wanafunzi hayaundwi na yaliyomo kwenye mtaala bali na malipo wanayoyaona katika soko la kazi. Elimu ya vitabu, kwa maoni yake, ndiyo iliyokuwa elimu ya ufundi hasa, kwa kuwa ndiyo iliyofungua nafasi zenye malipo bora. Serikali haiwezi kuwashawishi vijana kubaki mashambani kwa kubadili vipindi huku mishahara ikiwaita mjini. Miaka miwili baadaye Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe na shamba na mwanafunzi awe mzalishaji. Dhamira yake ilikuwa tofauti kabisa na ya mkoloni, na kwa haki inastahili heshima. Hata hivyo, mahali pengi shamba la shule likawa nguvukazi ya bure na jembe likawa adhabu ya waliochelewa. Waraka ulitaka kazi iunganishwe na kujifunza. Utekelezaji uliviacha viwili hivyo mbalimbali, na mwanafunzi akajua kipi kati yake kingemvusha mtihani.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni 8-4-4. Mfumo huo, uliotokana na ripoti ya tume ya Mackay ya mwaka 1981 na kuanza mwaka 1985, uliingiza katika shule za msingi kilimo, sayansikimu, sanaa na kazi za mikono, muziki na elimu ya biashara, kwa ahadi ya wazi kwamba anayemaliza darasa la nane ataweza kujiajiri. Wazazi walijenga karakana kwa harambee. Hoja ya kujiajiri ikajaribiwa kwa kipimo chake yenyewe ikashindwa: mtoto wa miaka 14 aliyejifunza kupiga randa hakuweza kushindana na fundi wa jua kali mwenye mtaji, wateja na uzoefu. Basi masomo yalipoonekana mengi na gharama kubwa, ya kwanza kutolewa kwenye mtihani yalikuwa haya haya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtihani wa KCPE wa kumaliza darasa la nane ulibakiwa na karatasi tano. Sanaa iliendelea kuwepo kwenye silabasi, lakini kipindi chake kikachukuliwa na marudio ya hisabati. Somo lililoahidi kazi na lisilete kazi halina wa kulililia.

Kuna hoja gani nyingine, basi? Chukua sabuni. Mwanafunzi anayetengeneza sabuni ya nyumbani huchanganya mafuta na maji yenye kostiki soda. Kabla ya kugusa chochote anapaswa kujua kwamba soda humiminwa ndani ya maji, si maji juu ya soda, kwa kuwa mchanganyiko hutoa joto kali na unaweza kuruka. Hapo sura ya usalama kazini, anayoisoma katika Masomo ya Awali ya Kiufundi, inapata maana. Kiasi cha soda kwa kiasi cha mafuta ni uwiano, na uwiano ukikosewa sabuni itachoma ngozi au itabaki laini yenye mafuta. Ili kujua kama kuna soda iliyosalia anahitaji kiashiria, na katika Sayansi Jumuishi amefundishwa kutengeneza kiashiria kwa maua yenye rangi. Akishapata kipande kinachotoa povu, bado hajajua kwa nini mafuta, yasiyooana na maji, yamegeuka kitu kinachoondoa mafuta mengine kwa maji. Swali hilo haliulizwi na mtoto aliyenakili ubaoni fasili ya besi. Linaulizwa na aliyeona mafuta yakibadilika mbele yake, na hasa na yule ambaye sabuni yake imekataa kuganda wakati ya jirani yake imeganda.

Mchoro una thamani ya namna hiyo hiyo, ingawa haionekani upesi. Anayechora kisanduku kwa mkono analazimika kuamua mistari ipi inaonekana, ipi imefichwa, na jinsi pande tatu zinavyoweza kukaa kwenye karatasi yenye pande mbili. Huo ni uwezo wa kufikiri kuhusu nafasi, ambao jiometria inauhitaji na ambao maneno matupu hayaujengi. Kupima na kuweka alama kabla ya kukata humfundisha mtoto jambo ambalo hisabati ya darasani humficha: kwamba kila kipimo kina kosa, na kwamba kosa la milimita mbili linalorudiwa mara kumi ni sentimita mbili. Bustani nayo humpa ushahidi unaochukua wiki kadhaa kujitokeza na usiofuata ratiba ya kengele. Katika mambo haya yote mikono ni njia ya kujua. John Dewey alilijenga wazo hili katika shule yake ya majaribio mjini Chicago kuanzia mwaka 1896, ambako upishi na ufumaji vilitumiwa kufundishia sayansi na historia. Finland, iliyoingiza kazi za mikono katika shule zake za umma mwaka 1866, bado inazifundisha kwa kila mtoto mpaka darasa la saba, na haifanyi hivyo kwa kuamini kwamba wote watakuwa maseremala.

Itasemwa kwamba hii ni anasa. Nchi yenye vijana wengi wasio na kazi, wapinzani watasema, haina nafasi ya kufundisha ushonaji kwa ajili ya kufikiri. Ifundishe stadi inayouzika. Pingamizi hili lina uzito kwa kijana wa miaka 18, na ndiyo sababu kuna vyuo vya ufundi. Kwa mtoto wa miaka 12 au 13 linaelekea mahali pabaya. Vipindi vinne kwa wiki vya dakika 40, vilivyogawanywa kati ya michoro, metali, kompyuta na ujasiriamali, haviwezi kuzalisha fundi, na kudai kwamba vinaweza ni kurudia ahadi ya mwaka 1985. Isitoshe, Gredi ya 9 inapoisha mwanafunzi anatakiwa kuchagua mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari ya juu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ule wa sayansi za jamii; au ule wa sanaa na michezo. Hawezi kuchagua kwa busara kitu ambacho hajawahi kukigusa. Elimu ya jumla ya mikono inamfaa hata yule atakayekuwa wakili, na fundi wa kesho inamwacha akiwa na uwezo wa kujifunza teknolojia ambayo leo haijulikani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: wapo watoto wanaofika sekondari msingi bila kusoma kwa ufasaha, na hao wapewe kwanza vitabu kabla ya randa. Sikubali kwamba lazima tuchague. Mtoto anayeandika hatua alizofuata kutengeneza sabuni, kisha akamsomea mwenzake ili azirudie, anaandika kwa sababu kuna mtu atakayetumia maandishi yake, na upungufu wa maelezo yake utaonekana kwenye beseni. Wenye shida ya kusoma wanahitaji msaada maalumu, na serikali inawajibika kuutoa. Kuwanyima kazi za mikono hakutauleta. Ninachokubali ni kwamba masomo ya vitendo yanayofundishwa kwa imla ni hasara tupu. Mwanafunzi anayekariri majina ya vifaa vya kupimia asivyowahi kuvishika angefaidika zaidi na hadithi nzuri.

Ndipo tathmini inapokuwa nguzo ya suala zima. Matokeo ya Gredi ya 9, ambayo mtihani wake wa KJSEA ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, yanajumuisha asilimia 60 ya mtihani wa mwisho, 20 za tathmini za shuleni katika Gredi ya 7 na 8, na 20 za tathmini ya Gredi ya 6. Zile 20 za shuleni ndizo zinazoweza kuyalinda masomo haya yasipatwe na yaliyoyapata chini ya 8-4-4. Lakini zinapotolewa kwa kutazama kitu kilichokamilika, mzazi mwenye pesa atamlipa fundi, na mwenye dhiki ataukasirikia mtaala; malalamiko ya gharama za vifaa yalisikika nchi nzima miaka ya mwanzo ya utekelezaji wa mtaala huu, na yalikuwa ya haki. Ikiwa lengo ni kujua, alama zitolewe kwa daftari la mwanafunzi na kwa majibu yake: alipima nini, nini kilikwenda kombo, na angebadilisha nini. Sabuni iliyoharibika na kuelezwa vizuri ipate alama zaidi kuliko nzuri isiyo na maelezo. Tathmini ya namna hiyo ni vigumu kuinunua, na haihitaji malighafi ghali.

Linabaki tatizo la walimu. Shule nyingi za sekondari msingi, zilizowekwa ndani ya shule za msingi kwa uamuzi wa mwishoni mwa mwaka 2022, zina walimu wachache kuliko masomo, na mwalimu aliyesomea masomo mawili anajikuta akifundisha manne au matano. Hakuna hoja ya kifalsafa inayoweza kuchukua nafasi ya kuajiri walimu kwa masharti ya kudumu. Hata hivyo, mwalimu mmoja anayeshika Sayansi Jumuishi, Kilimo na Masomo ya Awali ya Kiufundi kwa pamoja ana nafasi ambayo mtaala wenyewe unamnyima. Kupunguzwa kwa masomo hadi tisa mwaka 2024, kufuatia ripoti ya jopokazi lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, kuliunganisha majina na baadhi ya mada, lakini kila somo bado lina mpangilio wake. Asidi na besi hutangulia, na sabuni huja mwishoni mwa muundo wa Kilimo, katika muhula mfupi wa tatu ambao aghalabu humezwa na mitihani. Mada hizo mbili zikiwekwa katika wiki zile zile, pamoja na sura ya usalama kazini, mwalimu atafundisha jambo moja kwa vipindi vya masomo matatu na kutumia vifaa vile vile. Hilo halihitaji jengo wala bajeti mpya. Linahitaji waandishi wa miundo ya masomo hayo matatu kukaa meza moja katika Taasisi ya Ukuzaji Mitaala kabla ya vitabu vya kiada kuchapishwa tena.