Safu ya Lugha: "Kuzeeka" katika Damu ya Mtoto

Kitenzi "kuzeeka", ambacho kwa kawaida husemwa kwa kiumbe kilichopitiwa na miaka mingi, kimepata maana ya ziada katika elimu ya damu, kwa kuwa seli, yaani sehemu ndogo kabisa ya mwili iliyo hai, huweza kuzeeka ndani ya mtoto ambaye hajaanza hata shule. Mfano ulio wazi ni selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao jina lake linatokana na seli nyekundu kujipinda kama mundu pale himoglobini, protini inayobeba oksijeni, inaposhikamana na kuwa nyuzi ngumu. Seli nyekundu ya kawaida huishi takribani siku 120, ilhali ya mgonjwa hukakamaa na kufa baada ya siku 10 hadi 20, hivyo uboho, tishu laini iliyo ndani ya mifupa, hulazimika kutengeneza nyingine bila kupumzika. Kila seli shina ya uboho, yaani seli mama inayozaa seli za damu, inapogawanyika, telomea, yaani ncha zinazolinda kromosomu, hupungua urefu kidogo kidogo, na zikifupika mno seli huacha kugawanyika; hali hiyo ndiyo kuzeeka kwa seli.

Kitenzi "kuchakaa", kilichozoeleka kwa nguo na mkeka, hakitoshi hapa, kwa sababu seli iliyozeeka bado ni hai na huweza kutoa kemikali zinazochochea uvimbe katika tishu jirani. Waandishi wa afya hawana budi kusema kikamilifu "kuzeeka kwa seli", wala wasimwite mgonjwa "mzee", kwani kinachozeeka ni seli zake, naye angali mtoto mwenye haki ya kupimwa na kutibiwa mapema.